Mzazi Asiyesoma Ana Hesabu za Kumpa Mwanawe

Kuna kauli inayosemwa Kahama, Katoro, Nyarugusu na Mwakitolyo, na imezoeleka mno kiasi kwamba hakuna tena anayeihoji: Hisabati na sayansi ni mambo ya darasani. Mwenye nayo ni mwalimu. Mzazi aliyeishia darasa la nne, au ambaye hakuwahi kukanyaga darasa lolote, hana cha kumwongezea mtoto zaidi ya kumnunulia daftari na kumlipia tuisheni. Mtoto akifeli, dawa ni kumwongezea darasa juu ya darasa: la alfajiri, la jioni, la Jumamosi, la likizo, na mtihani ukikaribia, kambi ya kitaaluma. Kauli hii wanaisema wazazi, wanaisema walimu, wanaisema madiwani na watu wenye shahada zao. Naipinga. Ni kauli ya makosa, na katika ukanda huu wa dhahabu, kutoka Shinyanga hadi Geita, inawanyima watoto mwalimu wa karibu zaidi waliye naye.

Niwatendee haki wanaoiamini, kwa sababu hofu yao ina msingi. Matokeo ya Hisabati kidato cha nne yanaumiza. Mwaka 2023, nchi nzima, waliofaulu somo hilo walikuwa kama robo tu ya waliolifanya, na huo ulikuwa mwaka wenye nafuu ukilinganishwa na iliyoutangulia. Tathmini za Uwezo, zilizoanza mwaka 2010 kwa kuwapima watoto majumbani mwao, zilionyesha kwamba tatizo halianzii sekondari: wapo watoto wengi wa madarasa ya juu ya msingi wasioweza hesabu za darasa la pili. Mzazi anayajua haya bila kusoma ripoti. Anafungua daftari la mwanawe wa kidato cha pili, anakuta herufi zimechanganywa na namba, maelezo yote ni ya Kiingereza, na nyumbani kwake kinachozungumzwa ni Kisukuma. Anajiona mgeni mbele ya daftari alilolinunua mwenyewe. Analifunga na kutoa pesa ya tuisheni. Simlaumu. Ninachokataa ni hitimisho alilofundishwa: kwamba kwa kuwa hawezi kulisoma lile daftari, basi hana hesabu.

Tuanze na anachokijua. Nenda kwenye machimbo yoyote ya wachimbaji wadogo siku ya mgao. Mawe yametoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, yamejazwa kwenye viroba, na watu wamesimama kuangalia. Tuseme viroba ni 40. Mwenye leseni anachukua asilimia 30, mwenye duara anachukua nusu ya kinachobaki, na nusu nyingine wanagawana wachimbaji 7. Makubaliano hutofautiana kutoka chimbo hadi chimbo, lakini hesabu ni ya namna hiyo, na mchimbaji asiyejua kuandika jina lake anaimaliza kichwani kabla ya wa kwanza kunyanyua kiroba: 12 kwa mwenye leseni, 14 kwa mwenye duara, 2 kwa kila mchimbaji. Hapo pana asilimia, sehemu, kutoa na kugawanya, na pana kuhakiki jibu pia, kwa kuwa akikosea analala njaa. Kisha dhahabu inapofika kwenye soko la madini, masoko yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019 kwa kuanzia Geita, anakutana na mrabaha na ada ya ukaguzi, tuseme asilimia 6 na asilimia 1. Kama ameuza gramu 5 kwa bei ya shilingi 250,000 kwa gramu, anatakiwa kujua kwamba katika ile 1,250,000 makato hayo mawili yanachukua 87,500, na inabaki 1,162,500. Anajua. Asipojua, wapo watakaofaidika na kutojua kwake.

Mke wake anauza maandazi pembeni ya karasha la kusagia mawe. Tuseme kilo mbili za unga zinampa maandazi 50 ya shilingi 200. Mauzo ni 10,000. Unga, sukari, mafuta na mkaa vimemgharimu 7,500. Faida ni 2,500, yaani shilingi 50 kwa kila andazi. Siku unga unapopanda bei anafanya uamuzi ambao kitabu cha shule kingeuita tatizo la uwiano: apunguze ukubwa wa andazi, apandishe bei, au akubali faida ishuke? Hufanya uamuzi huo akiwa amembeba mtoto mgongoni. Mwanawe wa darasa la sita anaosha sufuria hatua tatu kutoka alipo, na jioni anatumwa kwenda tuisheni kujifunza uwiano kutoka ubaoni. Hapo ndipo ninaposema tumepotea. Hesabu ipo nyumbani na mtoto yupo nyumbani. Tumewashawishi mama na mwanawe kwamba hesabu hiyo na ile ya ubaoni hazihusiani.

Watasema: hizo ni hesabu za kubahatisha, za watu wa mtaani, haziwezi kujenga kitu. Historia ya Usukuma inawakana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa kanda hii walikuwa na shaka kubwa na mizani za wanunuzi. Wengi wao hawakuwa wamesoma. Walichofanya ni kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba, wasimame na kuhakikisha uzito unaotajwa ndio uzito uliopo. Kutokana na madai ya mizani ya haki, na chini ya uongozi wa Paul Bomani, vyama vya wakulima vilienea Kanda ya Ziwa, na mwaka 1955 vikaungana kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions, muungano uliokuja kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika vilivyomilikiwa na Waafrika. Bomani mwenyewe akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika mwaka 1962. Jambo lililoanza kama ubishi wa ratili ngapi zimo ndani ya gunia liliwapa wakulima nguvu ya kiuchumi na kisiasa. Hesabu ile ilifanyika penye mizani, nje kabisa ya darasa.

Na mizani haijaacha kutuhusu. Lumbesa, yaani kujaza gunia kupita kipimo, ipo mpaka leo, ingawa Wakala wa Vipimo hukataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Mkulima wa Kahama anayeuza mpunga kwenye gunia la kilo 120 kwa bei ya gunia la kilo 100, kila akiuza magunia matano ametoa la sita bure. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuligundua hilo kwa kujumlisha tu, na akiligundua kwenye mpunga wa babu yake hatalisahau. Akilikuta kwenye kitabu likihusu magunia ya mtu asiyemjua, atalisahau kabla ya kengele.

Twende mbali kidogo kutafuta ushahidi. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha uchunguzi walioufanya Recife, Brazili. Waliwaendea watoto watano wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani, wakajifanya wateja. Mtoto mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja cruzeiro 35. Hakuongeza sifuri kama tunavyofundishwa. Alijua bei ya nazi tatu, akaiongeza mara kwa mara mpaka alipozifikia kumi, akapata 350. Kwa maswali ya namna hiyo, ya biashara yao wenyewe, watoto wale walipata asilimia 98. Kisha watafiti wakawapa hesabu hizo hizo kwa maandishi ya kishule, bila nazi wala mteja. Walipata asilimia 37. Walikuwa watoto wale wale na namba zile zile. Kilichobadilika ni karatasi.

Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti mkubwa zaidi kutoka India, uliowashirikisha Abhijit Banerjee na Esther Duflo, washindi wa Nobeli ya uchumi ya mwaka 2019. Walichunguza watoto zaidi ya 1,400 wanaofanya kazi masokoni Kolkata na Delhi. Watoto hao walimudu vizuri hesabu ngumu za mauzo na chenji, lakini wakashindwa hesabu rahisi zilizoandikwa kwa mtindo wa kitabu. Wakageukia watoto wa shule wasio na uzoefu wa soko, wakakuta kinyume chake: hesabu za kitabu walizimudu, za sokoni zikawashinda.

Wapinzani wangu hupenda nusu ya matokeo haya. Husema: mnaona, hesabu za sokoni hazimsaidii mtoto kwenye mtihani. Wasome na nusu ya pili. Hata hesabu za darasani hazimsaidii mtoto nje ya darasa. Kila upande umesimama peke yake kwa sababu hakuna aliyejenga daraja, na daraja halijengwi kwa kurefusha ukingo mmoja wa mto. Kuongeza saa za tuisheni ni kuurefusha ukingo wa darasa. Anayehitajika ni mtu mzima wa kumshika mtoto mkono kutoka kwenye kiroba hadi kwenye alama ya asilimia, na kumrudisha tena.

Kazi hiyo haihitaji cheti. Inahitaji maswali matatu, na yanaulizika kwa Kiswahili, Kisukuma au Kisubi. La kwanza: unadhani itakuwa ngapi? Mtoto akadirie kabla ya kuhesabu. La pili: umejuaje? Hapa mzazi hafundishi, anasikiliza, na mtoto anayelazimika kueleza njia yake hugundua makosa yake mwenyewe. La tatu: hebu iandike hapo. Mtoto achukue daftari aiandike ile hesabu ya viroba au ya maandazi kwa alama za shuleni. Kama mzazi hajui kusoma, mtoto amsomee alichoandika, naye mzazi, anayelijua jibu kwa uzoefu, aseme kama limetoka sawa. Mama asiyejua kuandika asilimia anaweza kumsahihisha mwanafunzi wa kidato cha kwanza kwa sababu anajua faida yake ni ngapi.

Sayansi nayo imefungiwa mlango huo huo, na hapa Tanzania tuna ushahidi unaojulikana dunia nzima. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliweka maziwa yake kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa yamepoa. Alipomuuliza mwalimu wake, aliambiwa amechanganyikiwa. Aliporudi Tanga mjini, watengenezaji wa aiskrimu za kuuza walimwambia jambo hilo wanalijua, na wanalitumia kuharakisha kazi. Baadaye, akiwa mwanafunzi Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wanafunzi wakacheka. Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Wanafizikia wanaendelea kubishana hadi leo kuhusu chanzo cha jambo hilo na hali linapotokea, na linaitwa kwa jina la Mpemba. Swali lilizaliwa jikoni, likaungwa mkono na wauza aiskrimu, likakataliwa darasani. Tujiulize ni maswali mangapi ya namna hiyo yanayozimwa Geita kila wiki kwa sababu yametoka mahali pasipo na ubao.

Ukanda huu umejaa maswali. Kwa nini maji yanapomwagwa juu ya ubao wa mwalo uliotandikwa gunia, mchanga unakwenda na dhahabu inabaki? Kwa sababu ya uzito wake kwa ujazo. Kikombe kidogo cha mililita 100 kikijaa maji, maji hayo yana gramu 100. Ujazo huo huo wa mawe meupe yanayobeba dhahabu una gramu 265 hivi. Ujazo huo huo wa dhahabu una gramu 1,930, karibu kilo mbili. Mtoto anaweza kulipata wazo hilo nyumbani, mbali kabisa na machimbo, kwa bakuli la maji, mchanga na vipande vya chuma: kipi kinatangulia kuzama, kipi kinachukuliwa na mkondo? Densiti, neno linalowatesa watahiniwa wa Fizikia, itakuwa imeshamwingia kabla hajakutana na fomula yake.

Lipo somo jingine ambalo kulinyamazia ni hatari. Zebaki hushikamana na dhahabu, kisha huchomwa ili iondoke na dhahabu ibaki. Inapochomwa haipotei. Huchemka kwenye nyuzijoto 357 na kugeuka mvuke usioonekana, unaoingia mapafuni na kuharibu mishipa ya fahamu na ubongo, na unaowadhuru zaidi watoto na mimba. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto walio kwenye machimbo madogo ya Tanzania, yakiwemo ya Geita na Kahama, na zebaki ilikuwa katikati ya ripoti hiyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Lakini mkataba haufiki kwenye jiko la nyumba ya kupanga ambako mtu anachoma dhahabu kwenye sufuria itakayopikiwa ugali. Anayeweza kufika pale ni mtoto anayejua badiliko la hali ya maada, anayeweza kumwambia baba kwamba kilichotoweka machoni kimehamia hewani. Kwetu hapa, sayansi ya nje ya darasa ni suala la uhai. Anayesema ingoje kidato cha tatu aeleze familia zivute hewa gani hadi wakati huo.

Na uwezekano, mada ambayo watoto huiona ya kigeni kabisa, inafundishwa kila siku kwenye vibanda vya mashine za dubwi, isipokuwa anayeifundisha ni mwenye mashine. Sheria inakataza walio chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini kila anayepita kwenye miji ya machimbo anaona kinachoendelea. Mzazi, chukua dadu la ludo na maharage. Kila haragwe lihesabiwe shilingi 200. Mtoto alipe moja kila anaporusha, na ikitoka sita apewe tano. Rusheni mara 60, andikeni. Sita inategemewa kutoka kama mara 10. Atakuwa amelipa maharage 60 na kupokea kama 50: shilingi 12,000 zimetoka, 10,000 zimerudi. Mara moja moja atashinda, na akiendelea kucheza, pengo litajitokeza. Mtoto aliyeliona hilo kwa mikono yake ana kinga dhidi ya dubwi ambayo hakuna mahubiri yatakayompa.

Huko Kishapu na Shinyanga Vijijini, kwenye malisho, somo liko ardhini. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza, ngitili (malisho yaliyotengwa) zilizokuwa zimerekodiwa zilikuwa takriban hekta 600 tu, katika mkoa uliokuwa umebaki mtupu kwa ukataji wa miti. Wasukuma walikuwa na desturi ya kale ya kutenga malisho ili majani na miti vipumzike. Wataalamu walipoacha kuidharau desturi hiyo na kujenga juu yake, ngitili zilivuka hekta 300,000 kufikia mapema miaka ya 2000, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta. Ongezeko la mara 500! Mzee anayechunga anajua mti gani huota kwanza ardhi ikipumzishwa, na nyasi gani hurudi baada ya mvua za kwanza. Mjukuu wake anaambiwa Baiolojia iko kwenye kitabu. Amweke mzee mbele, achukue daftari, ahesabu aina za mimea ndani ya hatua kumi kwa kumi za ngitili na nje yake, alinganishe. Na mvua inaponyesha, ajue kwamba milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la nyumba ya mita 6 kwa 8, mvua ya milimita 10: lita 480, karibu nusu ya simtanki la lita 1,000. Kwa mkoa unaojua kiu, hesabu hiyo ina thamani kuliko kurasa kumi za mazoezi ya eneo la mstatili.

Sasa niseme wazi, ili mtu asinilishe maneno. Sisemi watoto wapelekwe machimboni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda dhidi ya kazi hatarishi. Duara linaua, zebaki inaua polepole, na mtoto anayeokota mawe badala ya kwenda shule ameibiwa. Wale wanaosema mtoto anayejua kupima dhahabu hahitaji shule ndio pacha wa wale wanaosema hesabu ni za darasani tu: wote wamekata daraja, mmoja kutoka huku, mwingine kutoka kule. Hesabu ya mgao mtoto aipate mezani kwa baba yake aliyerudi salama. Mahali pa kuipata ni nyumbani, baada ya shule.

Turudi kwenye dawa inayouzwa. Tuisheni nyingi za mitaani ni darasa lile lile lililohamishiwa bandani: ubao mmoja, watoto wamebanana, maswali ya mitihani iliyopita na majibu ya kunakili. Kilichoshindikana kueleweka asubuhi kinarudiwa jioni kwa sauti kubwa zaidi. Gharama yake haiishii kwenye fedha. Mtoto wa kike anarudi gizani akipita kwenye vilabu na makundi ya wanaume waliotoka maduarani. Mtoto anakosa usingizi, anakosa kucheza bao, mchezo wa mashimo 32 na kete 64 unaomlazimu kuhesabu mbele hatua kadhaa bila kugusa kitu. Kenya iliona madhara ya masomo ya likizo, na Sheria yake ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikayapiga marufuku. Nakubali kwamba mwalimu mzuri akikaa na mtoto mmoja aliyekwama kwenye mada moja, humkwamua. Huo ni msaada wa kweli na alipwe. Ninachokipinga ni imani kwamba wingi wa saa mbele ya ubao ndio elimu, na kwamba asiye na hela ya kuzinunua saa hizo hana la kufanya.

Pingamizi zipo na nazijibu. Wanasema mzazi hana muda. Maswali matatu niliyoyataja hayahitaji kikao. Yanaulizwa huku unga unakandwa na ng'ombe wanarudi zizini. Wanasema mtihani hauulizi maandazi. Mtihani unauliza uwiano, asilimia na eneo, na mtaala ulioboreshwa ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 unadai umahiri, yaani mtoto aweze kutumia anachokijua. Wanasema sekondari ni Kiingereza. Ni kweli, na ni mzigo mzito, lakini mtoto aliyeielewa asilimia kwa Kisukuma ana kazi ya kujifunza jina lake jipya tu. Asiyeielewa kwa lugha yoyote ana kazi mbili.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kwamba maneno yangu yanawatwisha maskini jukumu la serikali. Hapana. Upungufu wa walimu wa Hisabati na sayansi, maabara zisizo na vifaa, madarasa yaliyofurika tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016: yote haya ni deni la serikali, na lidaiwe bila kuchoka. Lakini ukanda huu hauna kisingizio cha kukosa fedha kabisa. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inaitaka kampuni ya uchimbaji iandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kuukubalisha kwa halmashauri. Ushuru wa huduma nao unalipwa kwenye halmashauri zenye migodi. Fedha hizo zimejenga shule. Sekondari ya Wasichana Nyankumbu, iliyojengwa na Mgodi wa Dhahabu wa Geita, ni kazi ya kupongezwa. Ila mipango mingi inaishia kwenye saruji na mabati, kwa kuwa jengo linafunguliwa kwa utepe na maswali ya mtoto hayafunguliwi kwa utepe.

Naomba madiwani wa Geita, Kahama, Msalala na Shinyanga wadai jambo rahisi kwenye mipango ijayo. Kila kata iwe na chumba kimoja cha wazi baada ya saa za shule, chenye mizani, futi kamba, vipimajoto, kipimamvua, bao, dadu na vitabu. Jumamosi moja kwa mwezi wakaribishwe watu wa kata yenyewe: seremala aeleze anavyopata pembe mraba kwa kamba ya 3, 4 na 5, fundi umeme aeleze kwa nini fyuzi hukatika, mama wa maandazi aoneshe daftari lake la mauzo, mchimbaji aeleze mgao, mzee aeleze ngitili. Mwalimu awepo kuandika ubaoni alama za kile kinachosemwa. Wanafunzi wa sekondari wasaidiwe kuandaa kazi za maonyesho ya Young Scientists Tanzania, mpango ulioanzishwa mwaka 2011, ambako vijana hutafiti matatizo ya mahali wanapoishi. Gharama ya yote haya kwa kata nzima ni sehemu ndogo ya gharama ya darasa moja.

Walimu nao nina neno nao. Mkimwita mzazi shuleni, mmwite kwa jambo zaidi ya mchango na utovu wa nidhamu. Muulizeni anafanya kazi gani na anahesabu nini kila siku, kisha mtunge swali kutokana na jibu lake. Mtoto atakayeona kazi ya mama yake imeandikwa ubaoni atainua kichwa, na mama atajua kwamba ana nafasi katika elimu ya mwanawe.

Nawe mzazi uliyeambiwa miaka yote kwamba huna hesabu, umedanganywa. Umegawa viroba, umepima pamba, umekokotoa faida, umejua mvua ya kutosha na isiyotosha. Jioni ya leo, kabla hujatoa pesa ya tuisheni, mwite mwanao karibu na kazi yako na umuulize: unadhani itakuwa ngapi, na umejuaje? Kisha mpe kalamu aandike.